Daftari la bandarini: nani anaandika habari za ziwa letu?

Mwana wa Nguba (mwanzisha uzi)

Jambo kwenu nyote mnaosoma kutoka Bukavu, Goma, Idjwi, Kalehe na kokote yanakogusa maji ya Ziwa Kivu. Uzi huu nauanzisha kwa sababu ya kitu kidogo nilichokiona bandarini hapa Bukavu, kitu ambacho bila shaka nilikuwa nimekiona mara nyingi bila kukitilia maanani, nacho ni daftari la shule lenye jalada la buluu lililokwaruzika, ambamo karani huandika majina ya abiria kabla boti haijaondoka kwenda Goma.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono. Karani hakumwuliza jina. Alimtazama, akamtambua, akaandika "Mama" pamoja na jina la kifungua mimba wake, kisha pembeni akatia alama ya kujumlisha na tarakimu 2. Hivyo ndivyo watu watatu walivyoingia katika kumbukumbu za safari ile. Nyuma yangu walikuwepo vijana wanne waliokuwa wakipakia magunia, ambao kazi ilipokwisha hawakushuka, bali walijilaza juu ya mizigo yao wakasafiri nasi. Hao hawakuandikwa kabisa, kwa maana machoni pa karani walikuwa wapakizi, wala si wasafiri. Mimi mwenyewe niliandikwa kwa jina moja tu, la ubatizo, jina ambalo mtaani kwetu pekee tunalo watu wasiopungua kumi.

Kazi yangu ni kutunza hesabu, kwa hiyo huenda ni maradhi ya kazi kutazama karatasi ya mwenzako na kutafuta safu iliyokosekana. Hata hivyo, njia nzima, tulipokuwa tukipita kando ya Idjwi na watu wakilala kwa ngurumo ya mashine, nilikuwa nikijiuliza: boti hii ikizama sasa hivi, nani atajua kwamba mimi nilikuwemo?

Dunia inatufahamu kwa mambo mawili, vita na volkano, na sisemi kwamba mambo hayo ni madogo. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, ikalipuka tena Januari 2002 hadi lava ikapita katikati ya Goma na kumwagika ziwani, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku zilizofuata tulipokea hapa Bukavu boti baada ya boti za ndugu zetu waliokimbia na magodoro na masufuria. Lakini mtu wa kwetu akiamka asubuhi hamwulizi jirani habari za volkano. Anauliza kama sambaza wamepatikana, kama umeme umerudi, na kama boti ya usiku imefika. Habari zote tatu hutoka ziwani, na sioni hata moja inayoandikwa mahali ambapo mtu wa kesho ataweza kuisoma.

Chukueni sambaza. Samaki huyu, ambaye watoto wetu wanadhani aliumbwa pamoja na ziwa, ni mgeni aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikuwa na aina chache za samaki, na katika maji yake ya wazi hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Leo sahani zetu nyingi zinamtegemea mgeni huyo. Jioni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu huondoka ufukweni, wapiga makasia wakiimba kwa kupokezana, na taa zikishawashwa unaweza kudhani ziwani kumezaliwa mtaa mpya wa mji. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu mbele ya mwanga wake, sambaza hawazifuati kama siku za giza, na wavuvi wengi hupumzika. Siku moja nilimwuliza mama anayeniuzia pale Nyawera kwa nini kikombe chake kimekuwa kidogo, akainua kidole juu bila kusema neno, nami kwa ujinga wangu nikatazama paa la kibanda. Mama huyo hana haja ya gazeti la kumwambia bei ya wiki ijayo. Ila mimi ninayetaka kujua kama sambaza wa leo ni wachache kuliko wa miaka kumi iliyopita sina pa kwenda kusoma, na yeye akizeeka, ujuzi wake utaondoka naye.

Umeme nao ni vivyo hivyo. Ziwa lina njia moja tu ya kutolea maji, Mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini na kuteremka hadi Tanganyika. Kilomita chache tu kutoka hapo lipo bwawa la Ruzizi ya kwanza, la zamani za Wabelgiji, na chini yake Ruzizi ya pili iliyofuata mwaka 1989. Mvua ikinyesha milimani, chupa na mifuko ya plastiki huteremka kwa mitaro hadi ziwani, mkondo unaisukuma taratibu hadi langoni mwa bwawa, inarundikana pale hadi wazamiaji wanaingia kuiondoa, mashine inasimama, nasi tunakaa gizani tukimlaumu kila mtu isipokuwa aliyetupa chupa.

Lakini habari ya tatu, ile ya boti, ndiyo iliyonifanya niandike. Sambaza wakikosekana tutakula maharagwe, umeme ukikatika tutawasha mshumaa. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe. Rais Tshisekedi alifika huko, akataja watu wapatao 150 kuwa hawajaonekana, na ikaagizwa kwamba tangu siku ile kila abiria avae jile ya kumwelesha majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti nyingine iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, Goma. Gavana wa Kivu Kusini alisema waliokuwemo walikuwa 278 na waliokufa 78, ilhali miili iliyokuwa imetolewa majini ilikuwa michache kuliko hiyo. Simlaumu yeyote kwa tarakimu hizo kutofautiana. Nauliza tu swali la mtunza hesabu: utajuaje waliopungua, ikiwa hukuwahesabu walipokuwa wote?

Redio tunazo, tena nzuri. Redio Maendeleo ilianzishwa hapa Bukavu mwaka 1993 na mashirika ya wenyeji, Redio Okapi inasema nasi kwa Kiswahili tangu 2002, na matangazo ya vifo tunayasikiliza kwa makini kuliko hotuba yoyote. Lakini redio husoma jina lililoletwa. Jina lisiloletwa na mtu, nani atalisoma?

Naomba michango, hasa ya watu wanaoishi kwa maji haya.

Kijana wa Panzi

Yaya, mkubwa wangu, nimesoma yote kwa heshima, lakini daftari haliogelei. Kinachoua watu ziwani ni mzigo kupita kiasi, safari za usiku, na boti za mbao zilizochoka ambazo kila mtu anajua kwamba zimechoka. Orodha ikiwa kamili, basi watu watakufa wakiwa wameandikwa vizuri. Kuhusu jile, nimesafiri mara tatu mwaka uliopita: tuliambiwa tuvae bandarini mbele ya mkaguzi, na tulipoacha gati zikakusanywa na kurudishwa ndani ya mfuko, kwa maelezo kwamba zinachafuka. Ya mtoto sikuiona hata moja. Mimi ningeanzia hapo.

Mwana wa Nguba

Mdogo wangu, sikupingi. Ila fikiria jambo hili: mkaguzi atajuaje kwamba boti imezidisha watu kama hana hesabu ya watu? Kuzidisha ni neno la hesabu.

Karani Mstaafu

Mimi niliandika daftari kama hilo kwa miaka mingi katika bandari mojawapo ya ziwa hili, sitaitaja. Nataka kuwatetea makarani kidogo, halafu nitasema jambo ambalo mwanzisha uzi hakuliona.

Watu hawapendi kuandikwa. Mnadhani msafiri anakuja mbele ya karani na kutaja majina yake matatu kama yuko kanisani siku ya ndoa? Mwenye deni Goma anataja jina la shemeji yake. Mfanyabiashara anayeogopa ushuru anasema mzigo ni wa mwingine na yeye ni msindikizaji tu. Wapo wake waliokuwa wanarudi kwao bila ukoo wa mume kujua, nao waliniomba kwa macho nisiandike, na kweli sikuandika, na sijutii. Vita vilipozidi, watu waliogopa karatasi yoyote yenye jina lao, kwa kuwa hawakujua itasomwa na nani kesho yake. Kwa hiyo ile "Mama" na jina la mtoto si uvivu tu. Mara nyingine ni adabu, na mara nyingine ni huruma.

Pili, bandari inaandika wanaopandia bandarini. Boti inasimama njiani, mtumbwi mdogo unakuja ubavuni gizani, watu sita wanapanda, watatu wanashuka, na karani aliyebaki nchi kavu hana habari.

Sasa jambo lenyewe. Ndugu mwanzisha uzi, ulipopanda, daftari lile lilibaki wapi? Mimi nitakuambia. Karani akimaliza anamkabidhi mkuu wa boti, kwa sababu akifika upande wa pili ataulizwa. Daftari linasafiri na abiria. Boti ikizama, linazama nao.

Mwana wa Nguba

Papa Karani, nimesoma mchango wako mara mbili. Ni kweli. Nililiona likipitishwa dirishani kwa nahodha, na sikufikiri lolote.

Mama wa Kituku

Jambo. Mimi ni wa Goma, nauza mboga na ndizi zinazotoka Minova. Nisameheni kama nitaandika kwa urefu.

Mwaka ule wa 2024 barabara ya Minova kwenda Goma kupitia Sake ilikuwa imefungwa na vita, na chakula chetu kilikuwa kinakuja kwa maji. Hakuna aliyependa boti zile; ndiyo njia iliyobaki. Siku ile tulikuwa tumesimama tukisubiri mizigo kama kawaida, kila mmoja na wapagazi wake. Boti tuliiona inakuja. Tuliiona ikiinama upande mmoja, na ilikuwa karibu kiasi kwamba baadhi yetu tulitambua rangi za vitenge. Yaliyofuata sitayaandika hapa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Watu wa serikali walipokuja kuuliza nani alikuwemo, hatukuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Lakini siku chache baadaye, mwenzangu mmoja alifungua daftari lake la madeni. Mnajua biashara yetu ilivyo: mama wa Minova ananiletea kabichi leo, ninamlipa akija wiki ijayo. Kila muuzaji pale ana daftari la watu anaowadai na wanaomdai. Mwenzangu alianza kusoma majina kwa sauti, nasi tukawa tunajibu: huyu nimemwona jana, huyu yupo kwao amejifungua, huyu hakuna aliyemwona. Tukafungua na madaftari mengine. Tulikaa mpaka jioni. Kwa njia hiyo tulijua wanawake kadhaa ambao ndugu zao walikuwa bado njiani kuja kuwatafuta, na tulipowapokea ndugu hao tuliwakabidhi pesa zao za kabichi. Mzee mmoja alikataa kupokea. Alisema akipokea, ni kama amekubali.

Daftari la madeni lilitusaidia kuliko la bandari. Nadhani ni kwa sababu lile la madeni kila mmoja wetu alikuwa na haja ya kulitunza.

Mvuvi wa Bagira

Mama, poleni sana. Tulisikia huku pia.

Mimi ni mvuvi wa sambaza, nilianza nikiwa kijana wa kupiga kasia la nyuma. Kwetu hatuandiki mtu. Lakini hakuna anayepotea bila kujulikana, na sababu yake ni nyimbo. Kila kikosi kina mwimbishaji wake na waitikiaji wake, na kila mke ufukweni anajua sauti ya mume wake iko wapi katika wimbo. Alfajiri tunarudi tukiimba, wao wakiwa wamesimama na mabeseni. Siku ambayo mwenzetu aliumwa tukamwacha upande wa pili apate dawa, mke wake alianza kulia kabla hatujafika, kwa sababu alisikia nafasi yake ipo tupu. Tulilazimika kumpigia kelele kutoka majini kwamba mume wake ni mzima.

Siku hizi baadhi ya vikosi vimefunga mashine, na mashine haiimbi. Sisemi mashine ni mbaya, mgongo wangu unaishukuru. Nasema tu kwamba pale nasi tutahitaji daftari.

Kuhusu sambaza kupungua, mwanzisha uzi ana haki ya kuuliza. Wapo wanaokokota ufukweni kwa vyandarua vya mbu na kuchukua vitoto vya samaki ambavyo havijafika urefu wa kidole. Wenzetu wa Rwanda hufunga uvuvi kwa majuma kadhaa kila mwaka. Huku kwetu kufunga ni kugumu, kwa maana nyumba yangu haifungi kula.

Mama wa Kadutu

Mwanzisha uzi ametupiga kofi la upole watu wa milimani kuhusu chupa, nami nalipokea nusu. Nusu nyingine namrudishia. Kwetu nyumba zimebanana kiasi kwamba gari la taka halipiti, na hata moto ukiwaka gari la kuuzima linaishia barabarani. Shefu wa avenyu anatuita salongo, kazi ya pamoja ya usafi, Jumamosi, tunafagia mtaro, tunarundika uchafu pembeni vizuri kabisa, halafu hakuna anayekuja kuuchukua, na mvua ya Jumatatu inaupeleka ziwani ukiwa umeshakusanywa tayari. Watu wa rasini wanaona chupa zikielea mbele ya bustani zao, wanadhani sisi ndio tunaopenda uchafu. Waje Jumamosi.

Na tukitaka kuandika habari za ziwa, tuandike na hiyo: mtaro gani, mvua ya siku gani, umeme ulikatika lini. Mimi tangu Septemba ninaandika ukutani kwa mkaa siku za giza. Ukuta umejaa.

Mwana wa Nguba

Mama, nimepokea na mimi nusu yangu. Naomba picha ya ukuta huo kama hautajali, bila kuonyesha nyumba yenyewe.

Mkaaji wa Bulengo

Naongeza jambo moja kutoka magharibi ya Goma. Kuna habari za ziwa ambazo hazikuhitaji daftari ili zidumu. Kwetu, katika mabonde madogo karibu na maji, hutoka hewa nzito inayoua mbuzi, kuku na watoto, na sisi tunaiita mazuku. Hata wataalamu wa volkano walipokuja waliandika neno hilo hilo. Mzazi wa hapa humwonyesha mtoto akiwa bado anatambaa: pale chini usicheze, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Hiyo ndiyo orodha yetu, inakaa kinywani.

Lakini lazima niseme pia ilipotushinda. Wakimbizi wa vita walipofika kwa maelfu na kupewa mahali pa kujenga vibanda, wengi walitoka milimani, hawakulijua neno hilo, na sehemu tambarare yenye majani mabichi waliiona kuwa nzuri ya kulaza watoto. Tulizunguka tukiwaambia kibanda kwa kibanda, wengine walituona kama wenyeji wanaotaka kuwanyima ardhi. Kibao cha maandishi kingetusaidia siku ile. Kwa hiyo nipo katikati ya mvuvi na mtunza hesabu.

Mwalimu wa Idjwi

Ndugu wapendwa, nawasalimu kutoka kisiwani. Huku kwetu, ambako wengi wenu mnakujua kwa mananasi tu, kuna wajane wengi ambao waume zao hawamo katika orodha yoyote ya boti iliyozama, kwa sababu hawakuzama katika boti. Kwa miaka mingi mkulima wa Idjwi aliyetaka bei ya maana kwa kahawa yake aliipakia katika mtumbwi usiku na kuvuka kwenda Rwanda, kwa kujificha, na kurudi na sabuni, chumvi na nguo. Usiku ziwa lina mawimbi, na mtumbwi uliojaa magunia hauna mjadala na wimbi. Wengi hawakurudi. Baadaye vyama vya ushirika vilipoanza kununua kahawa kisiwani na kuiosha hapa hapa, safari zile zilipungua. Lakini waliotangulia hakuna aliyewaandika, kwa kuwa kuandika kwamba mtu amekufa akivuka kwa magendo kulikuwa ni kumshitaki marehemu.

Nawaambia haya ili kumuunga mkono Papa Karani. Kabla ya kumwomba mtu jina lake, mwambieni litakaa kwa nani.

Kisha nina pendekezo dogo. Boti husimama kwetu. Mimi nikiwa sina vipindi naweza kusimama gatini na kuhesabu wanaoshuka na wanaopanda, vichwa tu, bila majina.

Kijana wa Panzi

Nakubali kwamba nilijibu haraka. Ila bado nataka jile za watoto.

Karani Mstaafu

Kijana, uko sahihi, ziendelee kudaiwa. Lakini mwanzisha uzi anataka jambo linalowezekana Jumatatu asubuhi, nami nitampa. Anunue karatasi ya kaboni. Zamani tuliitumia kwa stakabadhi. Unaiweka chini ya ukurasa, unaandika mara moja, zinatoka orodha mbili: moja inakwenda na nahodha, ya pili inachanwa na kubaki nchi kavu. Na isibaki ofisini, kwa maana huko itafunguliwa na asiyehusika. Ibaki kwa mtu ambaye kila msafiri anamfahamu na anaweza kumkuta saa yoyote. Bandarini kwetu ningemchagua mama muuza chai.

Mwana wa Nguba

Ndugu, nimekaa kimya majuma mawili, nawaletea niliyoyaona. Kaboni niliipata dukani karibu na soko la Kadutu, katika kasha lililofifia rangi, muuzaji mwenyewe alikuwa amesahau kwamba analo. Karani wa bandari alinitazama kwanza kama mtu aliyetumwa na kodi. Nilimweleza kwamba sitaki kuona majina, nataka tu nakala ibaki, na nikataja wazo la mama wa chai. Akacheka, akasema mama huyo tayari anajua nani amesafiri kuliko yeye. Tukakubaliana kujaribu safari tatu.

Safari ya kwanza kalamu ilikuwa laini mno na nakala haikusomeka. Ya pili ilisomeka: majina 58. Karatasi ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya birika la chai, imekunjwa mara mbili. Mwalimu wa Idjwi alihesabu gatini kwake, akaniandikia kwamba walioshuka na waliobaki ndani, kwa kadiri alivyoweza kuona, walikuwa 67, na kwamba mtumbwi mmoja ulikuja ubavuni akauona kwa macho yake. Tofauti ya watu tisa. Nilimwonyesha karani tarakimu hizo, hakukasirika. Alisema wanne ni wapakizi wake, na hao wengine watano ataanza kuwaulizia.

Safari ya tatu alikuwepo tena yule mama. Safari hii karani alimwuliza jina lake, naye akalitaja kwa sauti ndogo, majina mawili kamili. Watoto wameandikwa bado kama alama ya kujumlisha na 2.

Karani Mstaafu

Mwambie aanze na watoto. Aulize ya watoto kwanza, mmoja mmoja, na umri wao. Mama akishataja ya watoto, lake hatalificha.